Vyungu Vilivyovunjwa Mpitimbi

Harufu ya kwanza niliyoijua kuwa ni harufu ya kazi ilikuwa ya ghala la Mpitimbi. Lilikuwa ghala la ushirika, la matofali ya kuchoma na bati lililoliwa na kutu, na kwa miaka mingi kabla sijazaliwa lilikuwa likipokea tumbaku na mahindi ya kijiji. Nilipolifahamu mimi, tumbaku ilikuwa imekwisha kuondoka na ushirika wenyewe ulikuwa hoi, lakini harufu yake kali ilikuwa imegoma kuhama kwenye kuta. Chini yake kulikuwa na harufu nyingine, ya udongo mbichi, yenye ubaridi, kama ya mtungi uliokaa kivulini. Ukiingia kutoka kwenye jua la Desemba ulikuwa huoni kitu kwa muda. Halafu polepole vyungu vilianza kujitokeza, vimepangwa sakafuni midomo juu, vikubwa vya maji, vya kati vya kupikia, vidogo vya mboga. Sauti za akina mama zilikuwepo tangu mlangoni. Walikuwa kumi na wawili, wakizungumza wote kwa pamoja, Kingoni na Kiswahili vikipishana humo humo, na kila mmoja alisikia alichotaka kusikia.

Mimi nilikuwa mtoto wa Mfaranyaki, mtoto wa mjini kwa maana ya Songea, yaani mtoto aliyezoea duka kuwa karibu na kuni kuletwa mlangoni. Shule zilipofungwa, mwaka niliokuwa darasa la nne, baba alinipeleka kwa dada yake, Shangazi Kandida, nikae naye mpaka Januari. Shangazi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kile kikundi cha ufinyanzi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mipana na kicheko kilichokuwa kikimtangulia njiani, na hakuwa na subira na mtu mvivu hata kama mtu huyo ana miaka kumi. Asubuhi ya kwanza nilipomwamkia, shikamoo yangu ilikuwa haijaisha midomoni alipoiitikia na kunikabidhi kikapu. “Marahaba, Tekla. Huku hatuli kwa macho tu. Twende bondeni.” Tulishuka hadi kwenye kijito, tukachimba udongo mweusi unaonata, tukaupandisha kichwani. Njiani niliokota masuku, matunda ya msituni, yaliyodondoka, nikala mpaka meno yakanata, na akina mama wakacheka kwamba mtoto wa mjini ameletwa kula msitu wao.

Nilijifunza mengi mwezi ule, na ninaona raha bado kuyataja. Udongo ulitwangwa, ukachambuliwa vijiwe kimoja kimoja, kisha ukachanganywa na unga wa vigae, yaani vyungu vya zamani vilivyovunjika na kusagwa, ili usipasuke ukikauka. Hakukuwa na mashine ya kuzungusha. Mama aliinama, akazunguka yeye mwenyewe, kinyumenyume, huku mkono ukipandisha ukuta wa chungu, hata mwisho wa siku sakafu ilikuwa na alama za duara za miguu. Walikwangua kwa gunzi la mhindi na kung'arisha kwa kokoto laini ya mtoni. Kila mmoja alikuwa na kokoto yake, na nyingine zilirithiwa kwa bibi. Baada ya hapo vyungu vilikaa ndani ya ghala siku kumi au zaidi, bila upepo, bila jua, bila moshi. Shangazi alisema chungu ni kama mama aliyejifungua, ukimwahisha nje unamuua. Wahenga wamesema mfinyanzi hulia gaeni, na kwa Shangazi ilikuwa kweli tupu: nyumbani kwake tulikula mboga kwenye kigae kilichobaki nusu.

Lakini jambo lililowatofautisha akina mama wale na wafinyanzi wengine wote lilikuwa maji. Miaka ya nyuma, kabla ya kuwa na kikundi, chungu cha mmoja wao kilipasuka jikoni kwa watu, uji wa moto ukamwagikia mtoto, na mtoto yule akaishi na mguu uliokunjamana. Tangu hapo waliwekeana sharti. Hakuna chungu kitakachotoka mikononi mwao bila kujazwa maji mbele ya watu na kuachwa mpaka kivuli kisogee hatua tatu. Kilichobaki kikavu nje ni chungu. Kilichotoka jasho kinavunjwa pale pale, na anayekivunja ni yule aliyekifinyanga, kwa mkono wake, ili asije akasema ameonewa. Nami sikusamehewa. Nilifinyanga chungu kidogo, kimepinda kama mdomo wa mtu anayetaka kulia, na kilipotoka jasho Shangazi alinikabidhi jiwe. Nililia kweli. Mama Digna, jirani wa Shangazi na rafiki yake wa siku zote, alinifuta machozi kwa upindo wa kitenge akaniambia, “Usilie, mama. Kesho utakisaga, kitakuwa chungu kingine.” Kwa sababu ya sharti hilo watu walikuwa wakitoka mbali kuja kununua Mpitimbi, hata wakivipita vyungu vya wengine vilivyopangwa njiani. Chema chajiuza, akina mama walisema, na miaka hiyo bado ilikuwa kweli.

Ilikuwa inakaribia kuacha kuwa kweli. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mtu ameruhusiwa kuuza kila kitu, na sokoni Songea sufuria za alumini zilining'inia zikimeremeta na ndoo za plastiki zilipangana rangi kwa rangi. Mtu anayetaka chungu akawa ni mtu anayehitaji kujieleza. Hata hivyo si sufuria zilizomnyima Shangazi usingizi. Lilikuwa ghala. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuwa akilitaka kwa ajili ya kununulia mahindi, sasa kwa kuwa ushirika haukuwa tena mnunuzi peke yake, na ofisi ya wilaya ilikuwa imesema kwamba jengo la umma haliwezi kukaliwa na kikundi kisichozalisha. Wangekuja wageni kutazama. Wakiridhika, akina mama wangeandikiwa ghala liwe lao. Wasiporidhika, lingekwenda kwa mfanyabiashara. Na bila ghala hakuna vyungu wakati wa mvua, na kwetu mvua huchukua karibu nusu ya mwaka. Kila mtu alilijua hilo, hata mimi, kwa sababu Shangazi alilisema kila jioni akipekua ugali bila kuula.

Wageni walikuwa waje baada ya Krismasi. Akina mama walipanga kazi yao kwa utaratibu, vyungu arobaini vizuri, vikubwa, vya kuonyesha. Kisha siku moja akaja Bibi Maendeleo, ndivyo tulivyomwita afisa aliyeshughulikia vikundi vya akina mama, mwanamke mnene mpole aliyekuwa akiendesha pikipiki na kofia ya jua juu ya kilemba. Alikuwa upande wao, hilo halina shaka. Alikuja kusema kwamba wageni wamebadili ratiba, watafika Alhamisi ya wiki ile ile. Akina mama walitazamana. Vyungu vilikuwa na siku nne tu ndani. Mama Digna alisema tuwaonyeshe vibichi, tuwaeleze. Shangazi akakataa. Alisema mtu wa ofisini haoni udongo mbichi, anaona matope. Haraka haraka haina baraka, walilijua hilo kuliko mimi ninavyolijua leo, na walivitoa nje hivyo hivyo.

Tulivichoma Jumanne. Tulipanga vyungu juu ya magome, tukavifunika kwa kuni, mavi makavu ya ng'ombe na majani, na Shangazi akawasha moto upande wa upepo. Kumbikumbi walikuwa wametoka asubuhi ile baada ya mvua ya usiku, watoto wa kijiji wakikimbizana nao na makopo, na mimi nilikuwa nimekatazwa kwenda kwa sababu nilikuwa na kazi ya kuleta kuni. Kuni zilikuwa na unyevu. Moto ulitoa moshi mwingi kuliko miale, na akina mama walizunguka wakipuliza na kupepea kwa nyungo mpaka macho yao yakawa mekundu. Moto ulipoanza kushika vizuri, wingu likaja kutoka upande wa milima ya Matogoro. Walikimbia kuleta mabati mabovu, wakayashika juu ya moto kwa mikono, kumi na wawili wamesimama duara, joto likiwachoma usoni na mvua ikiwalowesha mgongoni. Mimi nilishika ncha ya bati pamoja na Mama Digna. Sijawahi kuona tena watu wakipigania kitu namna ile. Mvua ilikatika baada ya muda mfupi, lakini moto ulikuwa umekwisha kupoteza nguvu, na haukurudi kama ulivyokuwa.

Alhamisi ghala lilifagiliwa mara tatu. Akina mama walivaa vitenge vya kanisani. Kuku wawili walichinjwa, mmoja akiwa mtetea wa mayai wa Mama Digna, na wageni walipofika kwenye Landrova, Bibi Maendeleo na bwana mmoja wa wilayani mwenye shati jeupe na daftari, walipigiwa vigelegele hadi yule bwana akaona haya. Mgeni njoo mwenyeji apone, Shangazi alisema kwa sauti, na wote wakaitikia. Bwana yule hakuwa mtu mbaya. Nimejaribu kwa miaka mingi kumfanya mbaya, imenishinda. Alizunguka vyungu arobaini vilivyopangwa mlangoni, akauliza maswali ya mtu anayetaka kujua kweli, akashika kimoja akakinyanyua, akasema hakujua kwamba wilayani kuna kazi nzuri kiasi hiki. Alifungua daftari akaandika. Bibi Maendeleo alichungulia begani mwake kisha akatutazama na kutabasamu, na nikaona mabega ya Shangazi yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo. Kilichobaki ilikuwa kwenda kula.

Hapo ndipo Shangazi akasema, “Bwana mkubwa, bado maji.” Kisha akanigeukia. “Tekla, leta maji.”

Nilikuwa nimekwisha kujaza ndoo tangu asubuhi, ndiyo kazi niliyopewa. Bibi Maendeleo alimvuta Shangazi pembeni, wakasimama karibu nami kabisa, hata nilisikia kila neno. “Mama Kandida,” alisema kwa sauti ya chini, “leo acheni hilo la maji. Ameridhika. Ameshaandika. Mtajaribu kesho akiwa hayupo.”

“Na hivi tulivyomwambia chukua kimoja kama zawadi? Akapikie mkewe, kimpasukie?”

“Mpeni kuku. Mama, nakuomba. Vyungu hivi mnajua wenyewe vilivyochomwa.”

Ninakumbuka mkono wa Shangazi ulivyokuwa ukikunja na kukunjua ncha ya kitenge. Halafu alisema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku ile: “Akituona tunavunja kibaya, ndipo atakapoamini kizuri. Asipotuona, sisi ni wauza vyungu tu kama wengine.” Hakuwa anajionyesha. Aliamini hivyo. Maisha yake yote sharti lile ndilo lililomletea watu, na hakuweza kufikiri kwamba kuna mtu duniani ambaye angeliona akaelewa kinyume. Aliona anamwonyesha mgeni kitu cha thamani kuliko vyote walivyokuwa navyo.

Basi tulijaza. Mimi nilimimina, akina mama wakanifuata wakivigusa vyungu taratibu kana kwamba vinaweza kubembelezwa. Wageni walikwenda kula kuku. Waliporudi kivuli kilikuwa kimesogea hatua tatu, na hapakuwa na haja ya kuinama ili kuona. Vyungu vilikuwa vimetoka jasho kuanzia shingoni hadi chini. Vingine vilikuwa vimekaa ndani ya vidimbwi vyao. Kimoja kilikuwa kimelegea ubavu na kubonyea. Bwana wa wilaya alisema, “Aah.” Shangazi alichukua jiwe akaanza na vya kwake. Alivunja vitatu mfululizo bila kusita, akampa jiwe Mama Digna. Mama Digna alilishika, akamtazama Bibi Maendeleo, akamtazama Shangazi, akavunja vyake huku machozi yakimtiririka na mdomo umefungwa. Kila mama alipita na vyake. Mlio ulikuwa wa vyungu tu, mlio mzito usio na mwangwi, wa udongo ambao haukuiva. Walipomaliza vilibaki saba, na mlangoni pa ghala hukuweza kukanyaga bila kukanyaga vigae.

“Akina mama,” bwana yule alisema, na sauti yake ilikuwa ya huruma, jambo lililofanya iwe vigumu zaidi, “sasa mimi nitaandika nini? Nimekuja kuona uzalishaji, mmevunja wenyewe mbele yangu.” Shangazi alimweleza sharti. Alimweleza vizuri, kwa utaratibu, habari ya mtoto na uji, habari ya watu wanaotoka mbali, habari ya kuni na mvua. Bwana yule alisikiliza mpaka mwisho. Akatikisa kichwa, akafungua daftari kwenye ukurasa ule ule, akakata mstari mmoja kwa kalamu na kuandika mwingine. Nilikuwa najua kusoma, lakini nilikuwa mbali. Bibi Maendeleo alipanda Landrova bila kuaga, akiwa ameinamisha uso. Walipoondoka, akina mama walikusanya vigae kwenye vikapu kwa ajili ya kusaga, kama kawaida yao, ingawa nadhani kila mmoja alikuwa ameshajua kwamba hakuna kitakachosagwa.

Kabla ya Pasaka ghala lilikuwa na kufuli mpya, na magunia ya mahindi yalifika hadi kwenye kenchi za paa. Akina mama walijaribu kufinyangia majumbani. Vyungu vilikaukia jikoni penye moshi, mbuzi wakavikanyaga, watoto wakaviangusha, na vilivyosalia vilipasuka motoni. Kikundi hakikuvunjwa na mtu. Kilipungua tu, leo huyu haji, kesho yule ana msiba, mpaka ikawa Shangazi anafika peke yake bondeni kuchimba udongo, na mwishowe naye akaacha. Nilipokuja likizo iliyofuata alikuwa akipikia sufuria. Sikumwuliza kitu. Alikuwa amepungua, na kile kicheko cha kumtangulia sikukisikia tena mpaka alipofariki.

Nilimwuliza mara moja tu, nikiwa mtu mzima, ninasomea ualimu. Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Nilikuwa nimekua na hadithi ile kifuani kama nishani. Nilikuwa nimewasimulia wenzangu chuoni juu ya shangazi yangu aliyekataa kusema uongo hata kwa kimya. Nikamwuliza kama angerudishwa siku ile, angefanya vilevile. Nilitegemea jibu la kuandikwa ukutani. Alipukuchua gunzi lile likaisha, akachukua jingine. “Ningenyamaza,” alisema. “Wewe ningekuambia umwage yale maji. Nilikuwa mjinga, mama. Niliwanyang'anya wenzangu kumi na mmoja nyumba yao ya kazi kwa sababu ya kiburi changu.” Nilimwambia haikuwa kiburi. Akanijibu kwamba Mama Digna amekufa akiwa hajamsamehe, na mimi sina ninachokijua. Kusema kweli, kupotea kwa ghala hakukuniuma kama maneno yale. Ghala lilichukuliwa na watu wengine. Lile sharti la maji alilikana yeye mwenyewe.

Sasa ninafundisha shule ya msingi hapa mjini, darasa la tatu, watoto themanini na kitu ndani ya chumba kimoja. Mjini kumebadilika, bodaboda zinafika hadi mlangoni, barabara ya Mpitimbi si ile ya kulala njiani, na sijaona chungu kipya cha kupikia kwa miaka mingi. Wageni ndio hawakubadilika. Bado wanakuja na daftari, ingawa siku hizi lina kioo cha kubonyeza. Miezi michache iliyopita tuliambiwa watakuja kusikiliza watoto wakisoma, na shule itakayofanya vizuri itajengewa darasa. Tunalihitaji darasa hilo kuliko chakula. Ninawajua watoto wangu. Wanaosoma kweli hawazidi kumi na sita. Usiku wa kuamkia siku yao sikuhangaika sana, na hilo ndilo linalonitisha nikilikumbuka. Asubuhi niliwaketisha wale kumi na sita madawati ya mbele, nikawapanga wengine kumi wanaojua kutikisa kichwa vizuri nyuma yao, na waliobaki nikawatoa kwenda kupalilia bustani ya shule. Wageni walisikiliza, wakapiga makofi, wakapiga picha. Hakuna aliyeomba kusikia mtoto wa safu ya nyuma. Mimi sikupendekeza.

Matofali yameshafika, na msingi umechimbwa. Walimu wenzangu wananisifu. Siku ile waliyokuja, gari la wageni lilipotoka getini, watoto wa bustani walirudi darasani. Wa kwanza alikuwa Jaklini, msichana mwenye bidii kuliko wote, asiyeweza bado kutofautisha nusu ya herufi za alfabeti, mikono yake ikiwa na udongo hadi kwenye viwiko. Alisimama mbele ya meza yangu, akihema kwa kukimbia. “Mwalimu,” aliniuliza, “tumefaulu?” Nikamwambia tumefaulu, akaruka kwa furaha, akakimbia kuwaambia wenzake.